Pete iliyokataa kutoka: akromegali inavyovuruga viungo, mikono, nyayo na mwendo

Mtu wa kwanza kushtuka kwamba mama mdogo wangu anaumwa hakuwa daktari, alikuwa sonara. Huyo bwana ana kibanda chake Ngamiani, Tanga, na ndiye aliyempanulia pete ya ndoa mara ya kwanza. Baada ya mwaka na kitu akampanulia tena. Mara ya tatu pete ilikuwa imekwama kabisa. Sabuni ilishindwa, uzi ukashindwa, ikabidi aikate. Alipomaliza akaiweka mezani, akamwambia: "Mama, dhahabu haisinyai. Kidole chako ndicho kinachokua."

Wa pili alikuwa fundi viatu. Tangu nimfahamu mama mdogo alikuwa anavaa namba 39. Ikaja 40, ikaja 41, na alipofika 42 huku vidole bado vinabanwa pembeni, fundi akaachana na habari ya namba. Akawa anamkanyagisha kwenye karatasi ya kaki, anazungusha penseli pembezoni mwa unyayo, halafu anamkatia sandali za ngozi kwa kipimo hicho. Kila sandali mpya, karatasi mpya. Mama mdogo, ambaye hatupi kitu, akawa anazikunja karatasi zile na kuziweka chini ya godoro.

Miaka yote hiyo alikuwa anakwenda hospitali kwa ajili ya magoti. Aliambiwa ni baridi yabisi. Baadaye akaambiwa ni gauti, akaacha nyama. Majirani walipoona miguu inazidi kuwa minene wakasema matende, na msibani mtu mmoja akanong'ona kwamba ametupiwa kitu. Alimeza dawa za maumivu mpaka tumbo likazikataa. Hakuna aliyemuuliza habari za pete wala viatu, maana yeye alikwenda kulalamikia magoti, na magoti ndiyo yaliyotazamwa.

Ugonjwa wake unaitwa akromegali. Kila mara naona picha za watu wenye ugonjwa huu zikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na chini yake maelezo ya kila namna: majini, laana, vyakula vya kisasa, nguvu zisizo za kawaida. Nguvu! Mgonjwa huyu akitaka kupanda daladala anahitaji mtu wa kumvuta mkono. Ndiyo maana nataka tuelezane taratibu, tuanzie kwenye jina, tushuke hadi kwenye goti na kisigino.

Jina linasema ncha, chanzo kipo kichwani

Neno akromegali limejengwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya ncha na jingine lenye maana ya kubwa. Aliyelitunga ni daktari Mfaransa, Pierre Marie, mwaka 1886, na alitaja kile alichokiona kwa macho: ncha za mwili zimekuwa kubwa. Vidole, nyayo, pua, taya. Hakujua bado kinachosababisha.

Chanzo kinakaa mbali na vidole. Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi inayoitwa pituitari. Kati ya kazi zake nyingi, inatoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo ikifika kwenye ini, ini nalo linatengeneza kemikali nyingine iitwayo IGF-1, na hiyo ndiyo inayozunguka mwilini ikiiambia mifupa, ngozi, gegedu na nyama: kueni. Mtu mzima mwenye afya bado anaihitaji homoni hii, lakini kwa kiasi. Tezi huitoa kwa vipindi, zaidi usiku ukiwa usingizini, kama bomba la mgao linalofunguliwa kidogo na kufungwa.

Kwa mgonjwa wa akromegali, karibu kila mara, kwenye tezi ile kumeota uvimbe. Si saratani na hausambai kwenda kwingine. Kosa lake ni kwamba hauujui mgao: bomba liko wazi usiku na mchana, mwaka hadi mwaka.

Sasa kwa nini wengine wanakuwa warefu kupindukia na wengine wanabaki na kimo chao? Hapa ndipo watu wanapochanganya zaidi. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake ambazo ndizo zinazorefuka. Baada ya balehe sehemu hizo hugeuka mfupa mgumu na kufunga. Uvimbe ukianza kabla hazijafunga, mtu anarefuka bila kikomo, na huo ndio ujitu. Uvimbe ukianza baada ya kufunga, urefu hauongezeki hata sentimita moja. Lakini homoni inaendelea kuamuru, na mwili lazima utii kwa namna nyingine.

Chukua mfano wa nyumba. Nguzo zikishapigwa zege na bati likishaezekwa, huwezi tena kuinua kimo. Ila ukiwa na fundi asiyesikia, ambaye kila siku anakuja kupiga plasta juu ya plasta, kuta zitanenepa, vyumba vitapungua, milango itakuwa myembamba, na nyaya zilizopita ndani ya ukuta zitabanwa. Paa liko palepale. Anayeishi ndani ndiye anayejua kwamba kupita kumekuwa kwa shida.

Majitu wanaojulikana duniani wanatuonyesha upande mmoja tu wa ugonjwa, na hata upande huo tunautazama vibaya. Robert Wadlow wa Alton, jimbo la Illinois, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1918, alifika sentimita 272, na hakuna binadamu aliyethibitishwa kuwa mrefu kumshinda. Watu wanaikumbuka namba hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba alitembea kwa vyuma vya kushikilia miguu, kwamba nyayo zake zilikuwa na ganzi, na kwamba chuma kimoja kilimsugua kwenye kifundo cha mguu mpaka pakatoka lengelenge, ambalo liliingia vijidudu. Alifariki Julai 1940 akiwa na miaka 22, kwa lengelenge ambalo mtu mwenye hisia mguuni angelisikia mapema. Sultan Kösen wa Uturuki, mwenye sentimita 251, anatembea kwa magongo. Jirani yetu wa Msumbiji, Gabriel Estêvão Monjane, aliyekuwa na karibu sentimita 246, alifariki mwaka 1990 baada ya kuanguka. Ukiziweka habari hizo pamoja unaona kwamba kinachowasumbua watu hawa siku hadi siku si kimo peke yake. Ni kutembea.

Na kwa kila jitu mmoja unayemwona kwenye picha, kuna watu wengi wa kimo cha kawaida wenye akromegali ambao hakuna anayewapiga picha. Ugonjwa ni adimu: katika nchi zinazoweka hesabu, hugunduliwa wagonjwa wapya takriban 3 hadi 4 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Tanzania ilihesabu watu milioni 61.7 kwenye sensa ya 2022. Kama kiwango chetu ni hicho hicho, ni karibu watu 200 wapya kila mwaka, na wengi wao wamo kwenye foleni za kliniki wakitibiwa magoti.

Kiungo: bushi iliyozidi kipimo

Maumivu ya viungo ndiyo malalamiko yanayowaunganisha wagonjwa hawa. Zaidi ya nusu yao wanayo, na kwa wengi ndiyo yaliyowapeleka hospitali kwanza.

Ukikata paja la kuku, kwenye kichwa cha mfupa utaona utando mweupe unaoteleza, mgumu kiasi lakini si mfupa. Hilo ndilo gegedu. Mifupa miwili inapokutana kwenye goti au nyonga, haigusani yenyewe, gegedu kwa gegedu ndizo zinazoteleza. Fundi wa gereji angesema hiyo ndiyo bushi. Na fundi huyohuyo anajua kwamba bushi iliyolika inagonga, lakini bushi iliyozidi kipimo nayo inaharibu gari: chuma hakikai mahali pake, tairi linapepesuka, na mwishowe vyote vinaliwa pamoja.

Akromegali huharibu kiungo kwa hatua mbili, na tofauti ya hatua hizi ndiyo roho ya makala hii.

Hatua ya kwanza ni ya kukua. Homoni inanenepesha gegedu, inanenepesha kano zinazoshika kiungo, na kano hizo zinakuwa legelege. Kiungo kinapanuka. Mgonjwa anasikia kama goti "linatoka" kidogo anaposhuka ngazi, au bega linalia. Ukimpiga eksirei katika hatua hii utashangaa: nafasi kati ya mfupa na mfupa ni kubwa kuliko kawaida. Mtu aliyezoea kuona magoti ya wazee, ambako nafasi hiyo imepungua na mifupa inakaribia kugusana, anaweza kabisa kuitazama picha na kusema goti zima, mama nenda kapumzike. Mama mdogo aliambiwa hivyo. Simlaumu aliyesema, maana picha ilionekana nzuri kupita kiasi.

Hatua ya pili ni ya kubomoka. Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kwa kunyonya ute ulio ndani ya kiungo, jinsi sifongo inavyonyonya maji. Likishakuwa nene mno, sehemu za ndani hazilishwi vizuri, na kiungo kilicholegea kinalisukuma kila upande. Linaanza kupasuka nyufa. Mifupa nayo inajaribu kujiimarisha kwa kuota miiba pembeni. Kuanzia hapo kiungo kinaharibika kama cha mtu mwenye ugonjwa wa kusagika kwa viungo, ila kinafika huko mapema, mtu akiwa na miaka 40 au 45, na kinafika huko hata kwenye viungo visivyobeba uzito, kama mabega. Goti la mtu wa miaka 70 huumia kwa kubeba mwili. Bega limebeba nini?

Gegedu halina mishipa ya fahamu pia. Kwa hiyo nyufa za mwanzo haziumi. Maumivu yanapokuja, kazi ya ubomoaji imeshaanza kitambo.

Hatua ya kwanza inarudi nyuma kwa kiasi homoni ikidhibitiwa. Ya pili hairudi. Hata baada ya damu kuwa safi, viungo vilivyokwisha kupasuka vinaweza kuendelea kuharibika polepole kwa miaka, kwa sababu umbo la kiungo limeshapotoka na kila hatua unayopiga inakisaga zaidi. Mtu anayetibiwa anapaswa kuambiwa ukweli huu mapema, la sivyo atadhani dawa haifanyi kazi na kuiacha, wakati dawa inafanya kazi yake hasa.

Uti wa mgongo nao ni mkusanyiko wa viungo. Pingili zinapanuka, mgongo unaanza kupinda mbele sehemu ya juu, na pingili zenyewe huwa na hatari kubwa ya kuvunjika kimyakimya hata kama kipimo cha uzito wa mfupa kinasema uko sawa. Mfupa ni mnene, ila uimara wake wa ndani umepungua.

Je, utaitofautishaje na gauti? Gauti hupiga ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kinawaka moto, chekundu, shuka likigusa unapiga kelele, halafu baada ya siku kadhaa linatulia. Akromegali haina haraka namna hiyo. Inauma kidogo kila siku, viungo vingi, pande zote mbili, bila joto kali.

Mikono: kalavati lililobanwa

Vidole vya akromegali havivimbi kama vya mtu aliyegongwa. Vinakuwa vinene kuanzia shina hadi ncha, ngozi inakuwa nzito na yenye jasho jingi la mafuta, kiganja kinapanuka. Ukishikana mkono na mgonjwa unahisi kama umeshika unga uliokandwa, laini na mwingi. Kwenye eksirei, kifupa cha mwisho cha kidole kinaonekana kimetanuka kama bapa la jembe.

Pete ni shahidi mzuri kuliko jicho. Jicho la mtu anayekuona kila siku halioni mabadiliko ya milimita moja kwa mwaka. Pete inayaona.

Kinachowatesa wengi mikononi ni ganzi. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba: chini na ubavuni mifupa, juu utepe mgumu wa kano. Ndani yake unapita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, pamoja na kano za kukunjia vidole. Ifikirie kama kalavati chini ya barabara. Kwa mtu wa kawaida anayepata shida hii, kalavati limebanwa kutoka nje. Kwa mgonjwa wa akromegali limebanwa pia, lakini vipimo vya MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, vimeonyesha jambo jingine: mshipa wenyewe umevimba. Bomba limenenepa ndani ya kalavati.

Dalili zake ni za usiku. Mama mdogo alikuwa akiamka saa nane, anakung'uta mikono kama anayefukuza maji, anaiweka chini ya bomba, analala tena. Mchana akishika simu sikioni au akikuna nazi, vidole vinakufa. Sindano ya kushonea ilikuwa inamdondoka hasikii. Mikono yote miwili, si mmoja. Ganzi ya pande mbili kwa mtu ambaye pete zake hazitoki ni jambo la kumwambia daktari kwa sentensi moja, yote pamoja, usiyataje kwa siku tofauti.

Na hapa kuna habari njema ya kweli: kwa kuwa sehemu kubwa ya shida ni uvimbe wa nyama laini na maji, homoni ikishuka ganzi hupungua kwa wagonjwa wengi ndani ya wiki au miezi, wakati mwingine bila kupasuliwa mkono.

Nyayo, na lile suala la matende

Pwani yetu imeishi na matende kwa vizazi, kwa hiyo mguu ukinenepa neno hilo linatoka kinywani kabla ya kufikiri. Tutofautishe. Matende huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, inayoharibu njia za kurudisha maji ya mwili. Mara nyingi mguu mmoja unazidi mwingine, uvimbe unapanda kwenye muundi na goti, ngozi inakuwa ngumu yenye mikunjo. Katika akromegali unyayo wenyewe unakua, kulia na kushoto sawasawa, hasa kwa upana. Muundi unabaki na umbo lake. Na mikono inakua pamoja nao, jambo ambalo si kawaida ya matende.

Kisigino kina hadithi yake. Chini ya mfupa wa kisigino kuna mto wa mafuta unaopokea kishindo kila unapokanyaga. Kwa wagonjwa hawa mto huo unanenepa, na zamani, kabla ya vipimo vya damu kuwa vya kawaida, madaktari waliupima kwenye eksirei ya mguu uliolazwa ubavu: ukipita milimita 25 walianza kushuku. Kipimo hicho kina udhaifu wake, kwa sababu mtu mnene naye ana kisigino kinene. Kwa anayetembea nacho, mto mnene si raha. Mama mdogo alinielezea hivi: "Ni kama nimevaa soksi zenye mchanga, sijui ardhi iko wapi."

Lazima niseme pia kwamba mguu kuongezeka namba si akromegali peke yake. Ujauzito unapanua mguu, unene unaupanua, umri unaulegeza. Mwanamke aliyetoka 38 kwenda 39 baada ya watoto watatu asipoteze usingizi. Kinachotakiwa kutazamwa ni mwendelezo na mjumuiko: viatu vinaendelea kukataa, pete nazo, meno ya mbele yameanza kuachana, taya linatangulia, sauti imekuwa nzito, anakoroma na kukata pumzi usingizini, anatoka jasho kwenye feni, sukari au presha imepanda bila sababu. Toa picha ya kitambulisho cha miaka 10 iliyopita, iweke karibu na uso wa leo. Wataalamu wa tezi huwaomba wagonjwa picha za zamani kwa sababu hiyohiyo.

Mwendo

Sasa tuviweke vyote kwenye mtu mmoja anayejaribu kutembea kutoka kitandani hadi chooni.

Nyonga imekakamaa, kwa hiyo hatua ni fupi. Goti limelegea, kwa hiyo anatanua miguu ili asipepesuke. Misuli ya mapaja inaonekana minene lakini ni dhaifu, na hili huwashangaza watu sana: homoni ya ukuaji inaongeza umbo la misuli kuliko nguvu yake. Mtu anaonekana kama mbeba mizigo bandarini, na hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono, mikono yenyewe ikiwa na ganzi. Mgongo umepinda, hivyo uzito umesogea mbele. Kama sukari imepanda kwa muda mrefu, na homoni hii huipandisha, nyayo nazo zinapoteza hisia. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalihusishi na miguu kabisa: uvimbe ukikua unaweza kubana mishipa ya macho inayopita juu ya tezi, na mtu akapoteza uwezo wa kuona pembeni. Mbele anaona vizuri. Kigingi kilicho upande wa kulia hakioni. Anajikwaa, na watu wanasema miguu imekwisha, kumbe ni macho.

Nyumbani kwetu tulianza kuuona ugonjwa kwenye sala bila kujua tunauona nini. Alianza kuchelewa kuinuka kutoka sijda. Kisha akawa anakaa upande mmoja kwenye tahiyatu. Kisha akaswali kitini, na sisi tukaona ni umri. Alikuwa na miaka 47. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na aliacha kunywa maji mchana ili asiende mara kwa mara. Alikuja kulisema hilo baadaye sana, kwa aibu, na mpaka leo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kupimwa na kutibiwa

Kwa wastani hupita miaka 5 hadi 10 tangu dalili za kwanza mpaka ugonjwa upate jina. Si kwamba kipimo ni kigumu. Cha kuanzia ni damu: IGF-1. Kupima homoni ya ukuaji yenyewe mara moja hakutoshi kwa sababu hupanda na kushuka hata kwa mtu mzima wa afya. IGF-1 hutulia. Ikiwa juu kwa umri wa mtu, anapewa maji yenye gramu 75 za glukosi na damu hupimwa kwa muda wa saa 2. Kwa mtu mwenye afya sukari hiyo huisukuma homoni ya ukuaji chini, karibu na sifuri. Kwa mgonjwa haishuki. Kisha MRI ya kichwa kuutafuta uvimbe.

Tiba ya kwanza kwa wengi ni upasuaji, na neno hili linatisha kwa sababu watu wanafikiria fuvu kufunguliwa. Mara nyingi daktari hupitia puani, kwa sababu tezi ipo nyuma tu ya pua, na kuutoa uvimbe kwa vyombo vyembamba. Uvimbe ulio chini ya sentimita 1 una nafasi kubwa ya kuisha wote. Ulio mkubwa mara nyingi huacha mabaki, na hapo huingia sindano za kuishusha homoni, octreotide au lanreotide, kila baada ya wiki 4 hivi, vidonge vya cabergoline, au mionzi. Kösen, baada ya tiba nyingine kutotosha, alipigwa mionzi ya kulenga uvimbe huko Virginia, Marekani, mwaka 2010, na baadaye ikathibitishwa ameacha kurefuka. Sindano ni ghali, na hilo ndilo litakaloisumbua familia kuliko jina la ugonjwa. Uliza mapema bima inalipia nini.

Kwa viungo vilivyokwisha kuharibika kuna kazi nyingine ya kufanya sambamba. Mazoezi ya tiba ya viungo ya kuimarisha mapaja na makalio, maana msuli wenye nguvu hulishika goti lililolegea. Kupunguza uzito kama upo wa kupunguza. Fimbo, ishikwe mkono ulio kinyume na nyonga inayouma. Nyonga au goti lililokwisha kabisa linaweza kubadilishwa. Tanzania tuna bahati kwamba MOI, yaani Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, ina mabingwa wa mifupa na wa ubongo chini ya paa moja, na mgonjwa huyu anawahitaji wote wawili pamoja na daktari wa homoni. Dawa za maumivu zisizo na mwisho, zile za kununua duka la dawa mtaani bila cheti, kwa mtu mwenye presha na sukari zinaweza kumaliza figo wakati goti likiwa palepale.

Mfupa uliopanuka haurudi. Taya halirudi, na goti la mama mdogo la kulia halitarudi. Alipasuliwa kupitia puani, akakaa hospitali siku chache, na jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba vidole vyepesi. Mwezi wa tatu aliweza kushona tena. Choo tulikijengea cha kukaa kabla hajarudi, tukapiga na vyuma viwili ukutani vya kushikia.

Alipokwenda kukatiwa sandali nyingine, fundi akamkanyagisha kwenye karatasi kama kawaida, akazungusha penseli. Mama mdogo akatoa mkobani ile ya mwisho kabla ya upasuaji, wakazibandika mbili kwenye kioo cha dirisha la kibanda ili mwanga upite. Urefu ulikuwa uleule. Pembeni, toka kidole kidogo hadi kisigino, mstari mpya ulikuwa umepita ndani ya ule wa zamani, kiasi cha unene wa penseli yenyewe.